Chipotle: Kwa nini wasee wa majuu wanalia na bakuli nusu, na yote unafaa kujua kabla uode

Kama uko na kazeni Dallas, Minneapolis ama kule Lowell, Massachusetts, lazima ushaskia jina Chipotle. Ni ile hoteli ya chakula cha Kimexico penye wanafunzi wa chuo hujipeleka siku ya mshahara, na ndio hiyo hiyo watu huposti TikTok wakiwa wameshika bakuli na sura imekunjwa. Stori ni ileile kila wiki: nimelipa doo mob, nimepewa chakula ya mtoto.

Sasa usidhani ni kelele tu za mtandao. Nyuma ya hizo video kuna hesabu ya hisa, kesi kortini, faini ya mamilioni ya dola na wagonjwa zaidi ya elfu moja. Tulia nikupange.

Chipotle ilitoka wapi

Jina lenyewe kwanza. Chipotle ni pilipili aina ya jalapeño iliyokaushwa kwa moshi, na neno lilitoka kwa Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Mexico. Lakini mwenye kuanzisha biashara hakuwa Mmexico. Ni Mmarekani anaitwa Steve Ells, mpishi aliyesomea kazi yake, akafanya kazi San Francisco na huko akaona vile vibanda vya mtaa wa Mission vinavyouza burrito kubwa kama mkono wa mtoto, zimefungwa kwa foili.

Mwaka wa 1993 alifungua duka la kwanza Denver, Colorado, karibu na chuo kikuu, mahali palikuwa panauzwa aiskrimu. Mtaji ulikuwa dola 85,000 alizokopeshwa na babake. Walipiga hesabu wakaona wakiuza burrito 107 kwa siku biashara itasimama. Mwezi haukuisha vizuri kabla wauze zaidi ya elfu moja kwa siku. Mpango wa jamaa ulikuwa apate pesa ya kufungua hoteli ya kifahari, lakini burrito ikamshika miguu.

McDonald's iliingiza pesa hapo 1998, ikajitoa 2006 wakati Chipotle tayari ina maduka zaidi ya 500 na iko kwa soko la hisa la New York. Mwisho wa 2024 maduka yalikuwa yamepita 3,700. Na hii uikumbuke: kule Marekani karibu maduka yote ni ya kampuni yenyewe. Hakuna kusema ati huyu ni mwenye leseni ndiye amekosea. Lawama yote inapanda hadi juu.

Laini ndio chanzo cha vita

Ukiingia hapo hakuna kuketi ukingoje mtu aje na menyu. Unapanga laini mbele ya kioo, unaona sufuria zote, na unatembea sambamba na mhudumu. Mwanzo unachagua kama unataka burrito (fikiria chapo kubwa laini iliyofungiwa kila kitu ndani), taco, au bakuli bila chapo. Halafu wali wa dania na ndimu, maharagwe meusi ama ya rangi ya kahawia, kisha nyama: kuku, ng'ombe, nguruwe, au tofu kama wewe ni wa mboga. Hapo ndipo roho ya watu husimama. Baada ya nyama kuna salsa, ambayo kusema ukweli ni kachumbari na binamu zake, chizi, krimu chachu, letasi na guacamole.

Huu mfumo ulisifiwa sana juu unaona chakula chako kikipakuliwa. Lakini uzuri wake ndio ubaya wake. Nyama haipimwi kwa mizani mbele yako. Inachotwa kwa kijiko na mkono wa binadamu, na mkono wa binadamu una siku zake. Kipimo rasmi cha nyama ni aunsi 4, yaani kama gramu 113. Mhudumu mmoja akijaza kijiko hadi mlima, mwingine akikichota kikiwa tambarare, tofauti ni kubwa na bei ni ileile.

Wewe unajua hii mambo tayari. Kwa kibanda, mathe akikupenda anakurushia mchuzi ya juu na kapande ka nyama ambako hakakuwa kwa hesabu. Asipokupenda, unakula madondo ukihesabu. Tofauti ni kwamba kwa mathe unalipa mia na ushee, unajua ni yeye, na kesho unaweza hamia kwa jirani. Chipotle kule unalipa kama dola 10 ama 11 kwa bakuli ya kuku, hiyo ni kama thao moja na soo tatu ama nne za Kenya, na mwenye kukunyima ni kampuni ya mabilioni.

Halafu kuna hii ya guacamole. Ni ovakado iliyopondwa na dania, kitunguu, ndimu na pilipili. Unaongezewa zaidi ya dola 2 kwa kijiko kimoja, na mhudumu lazima akuulize kwanza kama unajua ni ya kulipiwa. Kwa Mkenya aliyezoea kununua ovakado kwa mama mboga na kurudishiwa chenji, hii ndio dharau kubwa kuliko zote. Hiyo pesa ungebeba za wiki nzima.

Laini ya pili usiyoiona

Kitu wengi hawajui ni kwamba maduka mengi yana laini mbili. Moja ni hiyo ya mbele. Nyingine iko nyuma, inatengeneza oda za apu peke yake. Oda za apu na mtandao zimekuwa zaidi ya thuluthi moja ya mauzo tangu wakati wa korona, na maduka mengi mapya yana dirisha la gari la kuchukulia oda uliyolipia kwa simu, wanaliita Chipotlane.

Kwa hiyo laini ya nyuma, hakuna jicho lako. Hakuna wa kusema "buda ongeza kidogo." Unafika, unapewa mfuko, unafungua ukiwa kwa gari ama umeshafika keja, ndio unaona wali umeenea kama jangwa na vipande vya kuku unaeza hesabu. Ama umekosa salsa uliyolipia. Ama oda ni ya mtu mwingine kabisa. Ukikusanya malalamiko ya miaka ya karibuni, hapa ndipo pamejaa zaidi.

2024: mwaka wa mizani

Hii vita ya kijiko ilikuwa ikichemka chini kwa chini, lakini ililipuka Mei 2024. Keith Lee, jamaa wa TikTok anayejulikana kwa kuonja vyakula vya hoteli na kusema ukweli kwa sauti ya upole, aliposti video akisema Chipotle haikuwa kama zamani na vipande vya kuku vilikuwa vya kutafutwa. Lee akisema hoteli ni poa, kesho yake kuna laini hadi barabarani. Akisema si poa, mambo ni noma.

Baada ya hapo watu wakaanza kuingia na simu juu, wanamrekodi mhudumu akipakua, wakiamini ukirekodi unajaziwa. Wengine wakaanza kutoka bila kulipa kama bakuli haijawaridhisha. Kuna hata ujumbe ulisambaa ukidai maduka yameambiwa yamjazie mtu yeyote mwenye kamera. Kampuni ikakana, ikasema vipimo havijapunguzwa na hakuna amri kama hiyo.

Halafu mkubwa wa kampuni wakati huo, Brian Niccol, akaongeza mafuta kwa moto bila kutaka. Kwenye mahojiano na jarida la Fortune alisema mtu akitaka zaidi anafaa tu kumpa mhudumu ishara fulani ya kichwa na uso, na kwa kawaida ataongezewa. Mtandao ukamchoma wiki nzima. Fikiria unaambiwa dawa ya njaa ni kupepesa macho.

Sasa kati ya hizo kelele, mchambuzi wa hisa wa benki ya Wells Fargo akaamua kufanya kile wateja wote wangetaka kufanya. Timu yake ilinunua bakuli 75 zinazofanana kabisa kutoka maduka 8 ya jiji la New York, nusu kwa apu na nusu dukani, wakazipima moja baada ya nyingine. Ya katikati ilikuwa na uzito wa kama gramu 610. Nyepesi zaidi ilikaribia gramu 390, nzito zaidi ikapita 750. Oda ileile, bei ileile, jiji lilelile. Kwa oda za apu, bakuli nzito zaidi ilishinda nyepesi zaidi kwa asilimia 87. Kwa zile za dukani tofauti ilikuwa asilimia 47. Duka kwa duka, mengine yalikuwa yakitoa kama theluthi moja zaidi ya mengine.

Soma hizo namba tena. Hazisemi kwamba Chipotle nzima ilipunguza chakula. Zinasema kitu ambacho kwa mteja ni kibaya vilevile: kwamba unacheza bahati nasibu. Na pia zinawapa haki wale wa apu, juu tofauti yao ndiyo ilikuwa kubwa.

Julai 2024 Niccol mwenyewe alirudi na lugha tofauti. Alipokuwa akiongea na wawekezaji alisema hakukuwa na amri ya kupunguza, lakini wamekagua na kuona kama asilimia 10 ya maduka yanahitaji kufundishwa upya kupakua vizuri, na kwamba kujaza sahani ni sehemu ya jina la kampuni. Kwa maduka zaidi ya 3,500, asilimia 10 ni maduka 350 na zaidi. Hiyo si bahati mbaya ya mhudumu mmoja mchoyo.

Na unajua nini kilifuata? Agosti hiyohiyo Niccol akachukuliwa na Starbucks kuwa mkubwa wao. Kiti chake kikaenda kwa Scott Boatwright. Novemba wenye hisa wengine wakapeleka kampuni kortini wakidai hawakuambiwa ukweli kuhusu hii stori ya vipimo na gharama ya kuirekebisha.

Lakini pesa zilisemaje? Hapa ndipo penye inachekesha. Katikati ya kilio chote hicho, robo ya pili ya 2024 mauzo ya maduka yaliyokuwepo yalipanda kwa zaidi ya asilimia 11. Watu walikuwa wakilia huku wakipanga laini. Ilichukua hadi 2025 ndio ionekane kwa vitabu: robo ya kwanza mauzo hayo yakashuka asilimia 0.4, mara ya kwanza tangu 2020, na robo ya pili yakashuka asilimia 4. Kampuni yenyewe ilitaja uchumi kubana wateja. Mimi naona yote mawili yanaweza kuwa kweli. Mtu akibanwa mfuko huanza kukata kile kilichomuudhi.

Kabla ya bakuli nusu kulikuwa na tumbo

Wengi wanaolia na gramu leo walikuwa bado shule ya msingi wakati Chipotle iliwahi kuwapeleka watu hospitali. Hii ni serious kuliko kijiko.

Mwaka wa 2015 ulikuwa jinamizi. Agosti, duka la Simi Valley kule California likaambukiza watu wasiopungua 234 norovirus, hiyo ya kutapika na kuhara. Wakati uleule karibu, watu 64 Minnesota wakashikwa na Salmonella iliyohusishwa na nyanya. Oktoba na Novemba ikawa E. coli: watu 55 katika majimbo 11, 21 kati yao wakalazwa, na kampuni ikafunga maduka 43 ya Washington na Oregon. Kikundi kingine kidogo cha watu 5 kikafuata. Hakuna aliyekufa. Lakini wachunguzi hawakuwahi kupata ni kiungo gani hasa kilibeba hiyo E. coli, na hiyo ndiyo iliogopesha watu zaidi. Ungejiepusha na nini?

Halafu Desemba ikaja Boston, na hii ndio sehemu utakasirika. Kulingana na wizara ya sheria ya Marekani, mfanyakazi alitapika ndani ya duka, manaja mwanafunzi akamwambia aendelee na kazi. Siku mbili baadaye mfanyakazi huyo huyo akasaidia kufunga oda ya timu ya basketiboli ya Boston College. Wachezaji wakawa kati ya waliougua. Jumla ilifika watu 141.

Hisa iliyokuwa juu ya dola 700 katikati ya 2015 iliendelea kuporomoka hadi ikawa chini ya dola 300 baada ya miaka miwili. Januari 2016 mauzo ya maduka yalianguka kwa asilimia 36. Tarehe 8 Februari 2016 maduka yote ya Marekani yalifungwa kwa masaa kadhaa ili wafanyakazi wote wakae mkutano mmoja wa usalama wa chakula, na waliokuta mlango umefungwa wakapewa burrito ya bure ya baadaye. Kampuni ikaanza kuwarushia watu vocha za bure kama peremende. Robo hiyo ya kwanza ya 2016 walipata hasara ya kwanza tangu waingie soko la hisa.

Ungedhani wamesoma. Julai 2017 duka moja la Virginia likafungwa kwa norovirus tena, na wiki hiyohiyo video ya panya wakianguka kutoka dari la duka moja Dallas ikasambaa kila mahali. Julai 2018 ikawa zamu ya Powell, Ohio: watu karibu 647 wakaugua, na wakaguzi wakakuta chakula kama letasi na maharagwe hakikuwekwa kwenye joto ama baridi inayofaa. Hapo hata haikuwa mtu mgonjwa jikoni. Ni vipimo vya joto tu vilipuuzwa.

Yote hiyo ilikusanywa kwa faili moja. Aprili 2020 Chipotle ilikubali kulipa faini ya jinai ya dola milioni 25, ambayo wizara ya sheria ilisema ni kubwa kuliko zote za kesi ya usalama wa chakula hadi wakati huo. Wagonjwa waliohesabiwa kati ya 2015 na 2018 walipita 1,100. Kampuni ikapewa miaka mitatu ya kuangaliwa ikitekeleza masharti, ndio mashtaka yasiendelee.

Steve Ells alikuwa ameshaachia kiti 2018, Niccol akaletwa kutoka Taco Bell, na makao makuu yakahama Denver kwenda California. Kwa haki, tangu hapo mambo ya tumbo yametulia sana. Kilio kimehama kutoka chooni hadi kwa mizani.

Mwenye kijiko naye ni mtu

Kabla umtukane yule anayekupakulia, jua upande wake. Laini ya mbele inasonga, oda za apu zinatoka kwa printa, mteja mmoja anamrekodi, mwingine anasema ongeza, na manaja anaangalia gharama ya chakula. Akikujazia sana, nyama inaisha kabla ya hesabu. Akikunyima, uko kwa uso wake. Hakuna njia hapo katikati ambayo inampendeza kila mtu.

Na kampuni haijawahi kuwa malaika kwa wafanyakazi. Agosti 2022 ilikubaliana na jiji la New York kwa kama dola milioni 20 kwa ajili ya wafanyakazi karibu 13,000, juu ya kubadilishiwa ratiba bila notisi na kunyimwa siku za ugonjwa. Mwaka huohuo duka la Lansing, Michigan, likawa la kwanza kupiga kura ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Lile la Augusta, Maine, lililokuwa limeomba kura kama hiyo, lilifungwa kabisa, na mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola 240,000 kumaliza hiyo kesi.

Unganisha na Boston. Mtu akinyimwa siku ya ugonjwa, anakuja kazi akiwa mgonjwa. Akija akiwa mgonjwa, ni bakuli yako anashika. Kwa hivyo hii ya haki ya mfanyakazi si siasa ya mbali, iko kwa sahani.

Kuna pia wateja waliovuka mpaka. Parma, Ohio, mwaka wa 2023, mama mmoja hakupenda venye bakuli yake ilitengenezwa, akaitupa na moto wake usoni mwa manaja. Video ikasambaa. Jaji Timothy Gilligan akampa chaguo ambalo lilifanya dunia nzima icheke kidogo: apunguziwe siku 60 za jela kama atafanya kazi miezi miwili kwa hoteli ya chakula cha haraka. Alikubali. Bakuli mbaya haikupi ruhusa ya kuchoma mtu.

Vidonda vidogo vidogo

Si kila kilio ni cha uzito. Queso, ile supu nzito ya chizi, ilipoletwa nchi nzima Septemba 2017 watu waliikataa, wakasema ina chembechembe mdomoni, na miezi haikuwa mingi kabla kampuni ibadilishe mapishi. Mapema 2015 nyama ya nguruwe ilikosekana kwa kama thuluthi ya maduka baada ya kampuni kumfungia msambazaji mmoja aliyekosea masharti ya ufugaji. Hiyo mimi nawapa heko, hata kama wapenzi wa carnitas walinuna. Na 2017 hiyohiyo wadukuzi waliingiza programu mbovu kwa mashine za kulipia za maduka mengi na kuiba data za kadi. Mwaka huo hawakuwa na bahati hata kidogo.

Bei nayo haijaacha kupanda. California pekee ilipanda kama asilimia 6 hadi 7 mwaka wa 2024, baada ya sheria ya mshahara wa dola 20 kwa saa kwa wafanyakazi wa chakula cha haraka. Mteja halaumu sheria. Analaumu bakuli iliyo mbele yake.

Na sisi tunahusika vipi?

Chipotle haina duka Kenya, so usitafute Westlands. Lakini Aprili 2024 walifungua Kuwait kupitia kampuni ya Alshaya, wakaendelea hadi Dubai, na huko Wakenya wako wengi, mbele ya kaunta na nyuma yake. Tofauti na Marekani, huko Ghuba mwenye kuendesha ni Alshaya, kwa hivyo lalamiko lako linaanzia kwao.

Na usidhani tabia ya mteja kukasirika na kampuni kubwa ni ya Wamarekani pekee. Januari 2022 KFC hapa Kenya iliishiwa na chipo. Sababu? Viazi vilikuwa vikiletwa na meli kutoka nje na meli zimechelewa. Kwa nchi penye Nyandarua na Meru wanatupa viazi! Wakenya waliwasha mtandao hadi kampuni ikasema itaanza kutafuta wakulima wa hapa. Hiyo kesi na hii ya Chipotle zinafanana kwa kitu kimoja: mteja aliweza kuvumilia bei, lakini hakuvumilia kufanywa mjinga.

Ukijipata kwa laini yao

Oda ukiwa dukani kama unaweza. Namba za Wells Fargo zinaonyesha ukiwa umesimama pale bahati nasibu inapungua. Wali na maharagwe ya ziada kwa kawaida hayalipiwi, so itisha ya kujaza kabla ufike kwa nyama. Kuchagua nyama aina mbili nusu kwa nusu ni ujanja wa zamani, juu kijiko cha nusu mara nyingi hutoka kikiwa zaidi ya nusu. Sema mapema, kwa adabu, kabla kijiko kiinuke. "Naomba uongeze kidogo" ikisemwa vizuri hufanya kazi kuliko simu kwa uso wa mtu. Na ukisema nyama dabo, jua hiyo utalipa.

Kama umeoda kwa apu, fungua kabla uondoke mlangoni. Kama kitu hakipo ama bakuli ni nusu, rudi kwa kaunta palepale na risiti kwa simu. Ukishafika keja, piga picha kabla uguse, halafu ingia sehemu ya msaada ndani ya apu. Utakutana na roboti yao inaitwa Pepper. Eleza kwa sentensi mbili: ulioda nini, umekosa nini. Usiandike insha. Wengi hurudishiwa pesa ya kile kilichokosekana ama hupewa oda ya bure ya baadaye.

Kama ni tumbo, hiyo si ya Pepper. Ukianza kuhara ama kutapika na kuna mwingine mliyekula naye ana dalili hizohizo, nenda hospitali na upigie idara ya afya ya kaunti ya huko. Powell ilijulikana kwa sababu watu mamia waliripoti. Weka risiti, kumbuka siku na saa, na kama kuna chakula kilichobaki usikitupe, kifunge ukiweke kwa friji, juu wanaweza kutaka kukipima.